Balansa ya farasi wenye mimba na wanaonyonyesha: maoni ya saisi wa Gilgil

Kwa aliye na haraka: peleti za balansa (chakula cha nyongeza chenye protini, madini na vitamini) zilizotengenezwa kwa ajili ya farasi wazazi ni bidhaa nzuri, na ningeomba shamba lizinunue tena. Lakini zina msimu wake. Faida yake kubwa nimeiona katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba na miezi mitatu ya mwanzo ya kunyonyesha. Farasi jike asiye na mimba wala mtoto, mwenye nyasi ya kutosha na jiwe la chumvi, hazihitaji kwa kiasi hicho. Pesa yake ni heri inunue marobota ya nyasi safi kabla kiangazi hakijapandisha bei.

Mimi ni saisi mkuu katika shamba dogo la farasi upande wa Gilgil. Baba yangu alikuwa saisi pia, na mimi nilishika hatamu kabla ya kushika jembe. Tunafuga farasi wa polo na wa kupanda, wengi wao wana damu ya thorobredi (farasi wa mbio), na karibu kila mwaka tuna majike kadhaa wenye mimba. Kulisha majike hao ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote. Farasi wa mchezo ukimkosea chakula utaona kosa wiki ileile na utalirekebisha. Jike mwenye mimba ukimkosea, atakayelipa ni mtoto, na deni litaonekana miguuni mwake akiwa na miezi sita au mwaka, wakati huna tena la kufanya.

Sitataja chapa. Zipo kadhaa sokoni, nyingi zinatoka ng'ambo, na ukizilinganisha lebo utakuta zinafanana sana. Ninachoandika hapa kinahusu aina hii ya chakula kwa jumla na jinsi ilivyofanya kazi kwenye nyasi zetu za huku Bonde la Ufa, ambazo si nyasi walizokuwa nazo akilini waliotunga ile lebo.

Kilichomo kwenye mfuko ni peleti ngumu, za rangi ya kahawia iliyokolea, zenye harufu ya alfalfa na molasi kidogo. Zina protini nyingi, hasa ile yenye lisini (kijenzi kimoja cha protini), kisha kalsiamu, fosforasi, shaba, zinki, seleniamu, vitamini A na vitamini E. Wanga ni kidogo. Ndiyo maana kipimo chake ni kidogo pia: kwa jike wa kilo 500 sisi tunatoa takriban kilo moja kwa siku, tukiigawa asubuhi na jioni. Wengi wanaoiona mara ya kwanza hawaamini. Wamezoea kumwona farasi akipewa ndoo nzima, sasa unamwekea konzi chache halafu unasema ameshiba madini. Kijana mmoja tunayefanya naye kazi aliniuliza, "Mzee, huyu si atalala njaa?" Nikamwambia halali njaa, kwa sababu tumbo lake linajazwa na nyasi, na hizi peleti zinaziba mashimo ambayo nyasi imeyaacha.

Mashimo hayo yana hesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyonishawishi kuliko maneno ya muuzaji. Mwongozo wa lishe ya farasi ambao madaktari wengi wanautumia ni ule wa Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, toleo la mwaka 2007. Unasema jike wa kilo 500 aliyekaa bila kazi anahitaji gramu 20 za kalsiamu kwa siku. Akifika mwezi wa kumi na moja wa mimba anahitaji gramu 36. Akishazaa na kuanza kunyonyesha, mwezi wa kwanza anahitaji gramu 59. Protini inatoka gramu 630, inapanda hadi karibu 900, kisha inaruka kupita gramu 1,500. Lakini angalia nguvu, yaani kalori. Wakati wa mimba inapanda kutoka megakalori 16.7 hadi 21.4 tu, halafu kwenye kunyonyesha inafika karibu 32, yaani inakaribia kuwa maradufu.

Soma tarakimu hizo polepole, maana ndani yake mna siri yote ya kulisha majike. Mwenye mimba anahitaji madini na protini zaidi kabla hajahitaji kula sana. Ukimwongezea ndoo za mahindi na pumba eti kwa sababu "anakula kwa wawili", utamnenepesha yeye, na mifupa ya mtoto itabaki inadai. Sehemu kubwa ya uzito wa mtoto, zaidi ya nusu, hujengwa katika miezi mitatu ya mwisho, na muda huohuo tumbo la mama linabanwa na mtoto, kwa hiyo hata nyasi hawezi kula kwa wingi kama zamani. Chakula kidogo chenye madini mengi kinafaa sana hapo. Kwa kazi hiyo balansa naipa alama zote.

Sasa nije kwenye nyasi zetu, kwa sababu hapa ndipo lebo ya ng'ambo inapotuacha.

Sehemu kubwa ya malisho yetu ni kikuyu, ile nyasi inayotambaa, ambayo asili yake ni nyanda hizihizi za juu na sasa imeenea mpaka Australia na Afrika Kusini. Ng'ombe anaifurahia, na farasi pia anaila vizuri. Lakini ina oksaleti, kemikali iliyomo ndani ya nyasi yenyewe, na oksaleti inaikamata kalsiamu ndani ya utumbo wa farasi na kutoka nayo kwenye mavi. Ng'ombe ana vijidudu tumboni vya kuivunja oksaleti kabla haijafanya madhara. Farasi hana bahati hiyo. Matokeo yake, unaweza kupima nyasi maabara ukaambiwa kalsiamu ipo, na farasi asipate hata nusu yake. Mwili ukikosa, unakwenda kuchukua kwenye mifupa. Mifupa ya uso huvimba pande zote mbili juu ya mashavu. Farasi anaanza kuchechemea leo mguu huu, kesho ule. Jike anayenyonyesha yuko hatarini kuliko wote, kwa kuwa maziwa yanazidi kumkamua kalsiamu kila saa.

Kisha tunaongeza pumba za ngano juu yake. Sina chuki na pumba. Uji wa pumba wenye maji ya moto na chumvi umepita mikononi mwangu tangu utotoni, na farasi anaupenda. Lakini kilo moja ya pumba ina gramu 10 hadi 12 za fosforasi, na kalsiamu haifiki gramu 2. Farasi anatakiwa apate kalsiamu kuzidi fosforasi, karibu moja na nusu hadi mbili kwa moja. Jike aliye kwenye kikuyu, anayepewa ndoo ya pumba kila jioni, anapigwa pande mbili kwa wakati mmoja: oksaleti inamnyang'anya kalsiamu, fosforasi inazuia ile iliyobaki. Nimewaona majike wa namna hiyo kwenye mashamba ya watu. Manyoya yanang'aa, mbavu zimefunikwa vizuri, na mwenye farasi anajivuna kwamba analisha. Mtoto akizaliwa, vifundo vya miguu vimejaa.

Kwa hiyo onyo langu la kwanza kuhusu balansa ni hili: kipimo cha lebo kimekadiriwa kwa malisho ya nchi za baridi. Kwenye kikuyu hakitoshi peke yake. Sisi, kwa ushauri wa daktari wa mifugo, tunaongeza chokaa ya mifugo, na tumepunguza kikuyu kwa kuwapa majike nyasi kavu ya Boma Rhodes, ambayo oksaleti yake ni kidogo, pamoja na alfalfa. Alfalfa ni rafiki mkubwa wa jike. Kilo moja ikiwa kavu inaleta gramu 12 hivi za kalsiamu na protini nzuri juu yake. Ukiwa na Rhodes, alfalfa kilo mbili tatu, na balansa yako, umekaribia sana kufika.

Jambo la pili ambalo balansa inalifanya na nyasi haiwezi ni shaba. Maziwa ya farasi yana shaba kidogo mno. Mtoto anayezaliwa huishi miezi ya kwanza kwa akiba aliyojiwekea kwenye ini akiwa bado tumboni, na akiba hiyo anaijaza katika miezi ya mwisho ya mimba. Ukichelewa hadi azaliwe, kumwongezea mama shaba hakumsaidii mtoto kupitia maziwa. Shaba ndiyo inayosaidia gegedu na mifupa kufungamana vizuri. Wakulima wa ngano wa Njoro watakuambia jinsi udongo wa majivu ya volkano ulivyo maskini wa shaba, na wafugaji wa zamani wanaukumbuka ugonjwa wa kudhoofika kwa ng'ombe uliopewa jina la Nakuru, uliotokana na ukosefu wa kobalti. Farasi haathiriki na ukosefu wa kobalti kama ng'ombe, lakini habari hiyo inakuonyesha udongo tunaoukanyaga ulivyo. Huku kwetu, mtu akiniuliza kwa nini nilipie mfuko wa ng'ambo wakati nyasi ni ya kijani, namjibu kwa shaba.

Tumewalisha majike wengi kwa mpango huu, lakini wawili wanatosha kuonyesha balansa inaweza nini na haiwezi nini.

Tausi ni jike mwekundu, mnene kwa asili, wa wale wanaonenepa kwa kuangalia nyasi. Kabla ya balansa tulikuwa tunashindana naye: ukimpa chakula cha kutosha madini, anakuwa duara, ukimpunguzia, unamnyima mtoto. Balansa ilimaliza shida hiyo kabisa. Alizaa akiwa na umbo zuri, mbavu huzioni lakini ukipitisha kiganja unazihisi. Kwa kipimo cha Henneke cha mwaka 1983 cha unene wa farasi, chenye alama 1 (amekonda mno) hadi 9 (amenenepa mno), ningempa 6, na kwa jike anayekwenda kuzaa hapo ni pazuri sana. Mtoto wake alisimama vizuri, kwato zimekaa sawa, na ukuaji wake haukuwa na kurukaruka.

Dhoruba ni kinyume chake. Ni mrefu, ana wasiwasi, na maziwa yake ni mengi mno. Jike wa ukubwa wake hutoa maziwa kama lita 15 kwa siku katika miezi ya mwanzo, na yeye naamini anapita hapo. Balansa pekee ilimshinda. Madini alipata, lakini megakalori zile 32 zinatoka wapi? Uti wa mgongo ulianza kuonekana. Ilibidi tumwongezee oti, mafuta ya mboga kidogo kidogo, alfalfa zaidi, na nyasi iwe mbele yake usiku kucha. Oti tuliigawa mara tatu kwa siku, kwa sababu mlo mmoja wa nafaka usizidi kilo mbili kwa farasi wa kilo 500. Ukizidisha, wanga unapita bila kusagwa hadi utumbo mkubwa, na hapo unakaribisha msokoto wa tumbo na maumivu ya kwato. Alirudi kwenye umbo lake taratibu. Basi anayekuuzia balansa akikuambia inamtosha jike anayenyonyesha bila kitu kingine, mwulize jike yupi. Tausi, ndiyo. Dhoruba, hapana.

Kuna jike wetu mmoja mzee ambaye meno yamekwisha, na peleti zikiwa kavu anazitema. Tunaziloweka kwenye maji ya vuguvugu mpaka zilainike, naye anamaliza zote. Hilo si kasoro, ila mfuko haukulieleza na ungepaswa kulieleza.

Kasoro halisi ni mbili. Ya kwanza ni bei. Mfuko wa kilo 20 ulitugharimu zaidi ya mara tatu ya gunia zima la pumba, na jike mmoja anaumaliza katika wiki tatu hivi. Kwa mwenye majike sita, huo ni mzigo. Ya pili ni upatikanaji wake. Duka tulilolitegemea liliishiwa katikati ya msimu, wakati majike wawili walikuwa karibu kuzaa, na mfuko uliokuja baadaye ulikuwa umebakiza muda mfupi kabla ya tarehe ya mwisho. Vitamini E hupungua nguvu ikikaa kwenye stoo yenye joto, na kwa jike anayekula nyasi kavu, vitamini hiyo ndiyo hasa anayoihitaji, maana nyasi ya kijani inayo kwa wingi na nyasi iliyokaushwa imeipoteza. Siku hizi naagiza mapema, nasoma tarehe kabla ya kulipa, na mfuko nauweka juu ya mbao kwenye pipa lenye kifuniko, mbali na bati la jua na panya.

Siku ile duka lilipoishiwa, kijana wa kaunta alitaka kunisaidia. "Mzee, chukua hii ya ng'ombe wa maziwa, madini ni yaleyale." Alisema kwa nia njema kabisa, na ndiyo maana naliandika hili kwa herufi nzito moyoni. Usimpe farasi chakula cha ng'ombe wala cha kuku bila kujua kila kilichomo. Chakula cha kuku, na baadhi ya vyakula vya ng'ombe, hutiwa dawa iitwayo monensini. Kwa kuku inazuia koksidia, vimelea vya utumbo. Kwa farasi inaua misuli ya moyo, na kiasi cha miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito wake kinatosha kumuua. Hakuna dawa ya kuigeuza. Hata kinu kinachosaga chakula cha kuku asubuhi na cha farasi mchana kwenye mashine ileile bila kuisafisha ni hatari. Uliza kabla ya kununua. Usiogope kuonekana msumbufu.

Swali linalofuata huwa: je, nikichanganya balansa na ile poda ya vitamini niliyonayo? Usifanye hivyo mpaka daktari asome lebo zote mbili. Seleniamu anayohitaji farasi wa kilo 500 ni miligramu moja hivi kwa siku. Ukirundika bidhaa tatu zenye seleniamu, unaanza kuona nywele za shingo na mkia zikinyonyoka na kwato zikipasuka. Iodini vivyo hivyo. Unga wa mwani wa baharini unauzwa kama kitu cha asili kisichodhuru, lakini iodini yake ni nyingi, na jike mwenye mimba akiila kupita kiasi mtoto anaweza kuzaliwa na rovu. Chagua bidhaa moja iliyokamilika, itoe kwa kipimo chake chote, kisha usiongeze nyingine juu yake. Na ukimtoa jike kwenye chakula kimoja kwenda kingine, badilisha polepole kwa wiki moja hadi siku kumi.

Kwa asiyeweza kumudu balansa, sitaki aondoke hapa mikono mitupu. Nunua alfalfa nzuri, yenye majani, isiyo na ukungu. Badilisha pumba kwa oti au shayiri. Mweke jike kwenye Rhodes badala ya kikuyu katika miezi ya mwisho. Mwombe daktari akupimie chokaa ya mifugo au DCP (unga wa kalsiamu na fosforasi) kulingana na malisho yako, na akutafutie madini ya farasi yenye shaba na zinki. Jihadhari na chembe za mahindi za bei rahisi zilizohifadhiwa vibaya. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, tunaijua katika nchi hii, mwaka 2004 iliua watu zaidi ya mia Ukambani, na mnyama mwenye mimba hana kinga nayo. Mpango huu utakugharimu kazi zaidi ya kupima na kuchanganya. Shaba itakuwa ngumu kuifikisha. Lakini mtoto wako atakuwa mahali pazuri zaidi kuliko yule wa ndoo ya pumba.

Mtoto akishatimiza miezi mitatu anakula nyasi mwenyewe na maziwa ya mama yanaanza kupungua. Hapo napunguza balansa ya mama na kuanza kumpa mtoto ya kwake, katika chombo ambacho mama hakifikii. Akishaachishwa, mama narudisha kwenye nyasi na chumvi.

Wenye punda huniuliza kama wanunue. Hapana. Punda mwenye mimba hubeba takriban mwaka mzima na mwili wake umezoea chakula kigumu. Balansa ya farasi kwa kipimo cha farasi itamnenepesha bure. Mpe nyasi kavu nyingi, majani ya alfalfa kidogo mwishoni, jiwe la madini, maji safi, na mpunguzie mizigo. Cha kumwogopesha mwenye punda ni kingine: punda mnene mwenye mimba akiacha kula, hata kwa siku moja, mafuta yanamwagika kwenye damu na kuziba ini, na anaweza kufa haraka. Usimpunguzie chakula ghafla ili apungue, na ukimwona amesimama kichwa chini hagusi nyasi, mwite daktari siku hiyohiyo.